Mwindaji wa Al Khoudh

Fulgence Gudo alikuwa ameonekana kwenye filamu na tamthilia nyingi kiasi kwamba watu wa Dar es Salaam walimsimamisha njiani wapige naye picha. Katika zote alishika upinde, isipokuwa moja. Katika hiyo moja alikuwa amelala chini, ameshakufa, na upinde uko pembeni yake.

Alikuwa Mhadzabe wa Yaeda, kwa baba na kwa mama, lakini alikulia Mbulu mjini, ambako baba yake aliendesha gari la wagonjwa la hospitali ya misheni. Wakati binamu zake wa Yaeda wanajifunza kunyatia kanga, yeye alikuwa akijifunza kuegesha Land Cruiser kinyumenyume. Likizo moja binamu hao walimpa upinde wa kitoto ili angalau aanze na panya. Akauweka kwenye kiti, akasahau, akaukalia. Hawakumpa mwingine.

Uigizaji aliupenda tangu shule. Akaenda Dar, akajiunga na kikundi, na mwongozaji wa kwanza aliyemwita alimuuliza kabila lake kabla hajamuuliza jina. Mambo mengine yote yakajipanga yenyewe. Akawa mwindaji anayewaonyesha watalii njia na kuumwa na nyoka mapema kabisa. Akawa mwindaji anayejua dawa ya mti. Akawa mwindaji anayetokea vichakani, anatazama upeo wa macho, halafu anarudi vichakani. Kuvuta upinde hakukumpa shida: alivuta ugwe nusu, akakunja uso, mwongozaji akasema kata, na picha iliyofuata mshale ulikuwa umeshachomeka kwenye swala wa plasta.

"Sema chochote cha kwenu," walimwambia kila mara, naye alisema. Katika filamu iliyoliza nchi nzima alimwinamia shujaa anayekata roho, akamwambia kwa Kihadzabe, kwa huzuni kubwa, kwamba wali wa mchana ulikuwa na mawe. Yaeda waliizunguka simu moja, wakacheka mpaka wakaomba irudishwe nyuma.

Lakini moyoni Fulgence alitaka vingine. Alitaka kuwa daktari mwenye kiburi, au bwana harusi aliyekimbiwa kanisani, au mwenye nyumba anayegombana na wapangaji. Siku moja alivaa suti ya kuazima akaenda kujaribiwa nafasi ya meneja wa benki. Walimsikiliza, wakamsifu sana, kisha wakamuuliza upinde ameuacha wapi.

Ndipo alipopigiwa simu na Ghanim.

Ghanim alikuwa mwongozaji wa tamthilia kule Maskati, Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha nyumbani kwao. Alikuwa anatengeneza kichekesho cha mwezi wa Ramadhani: familia ya Kiomani yenye asili ya Zanzibar inatembelewa na rafiki wa zamani kutoka bara, na tangu siku hiyo nyumba haikaliki.

"Huyo mgeni ni wewe," Ghanim alimwambia. "Kuna pahala anapiga komamanga lililowekwa juu ya ukuta. Upinde unauweza?"

"Ghanim, mimi ni Mhadzabe."

"Basi sina suala jengine."

Ukitazama vizuri, Fulgence hakuwa amedanganya. Wala hakuwa amejibu.

Maskati alipewa chumba mtaa wa Ansab, kwenye jengo walimokaa waigizaji wengine, na kila asubuhi dereva aliwachukua mpaka Al Khoudh, mahali pa kupigia picha. Siku ya kwanza tu jina lake liliwashinda wapiga picha, wakalikata likabaki Ful, ambalo kwa Kiarabu ni yale maharage ya chai ya asubuhi. Aliitwa maharage kutwa nzima, akaitika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bi Nasriya, shangazi yake Ghanim, mhandisi mstaafu wa barabara. Alikubali kuwapa kwa sharti moja, kwamba hakuna atakayehamisha kabati lake la vyombo. Sharti la pili hakulitaja, ila wote walilielewa mapema: yeye angekaa kwenye kiti nyuma ya kamera na kusema anachokiona.

"Wewe ndiye mwindaji," alimwambia Fulgence baada ya kuamkiana.

"Mimi mwigizaji, mama. Mwindaji ni mtu ninayemwigiza."

"Nnauliza tu, mwanangu. Nyama gani hasa unaipenda?"

"Kuku wa kukaanga."

"Unampiga kwa mshale?"

"Ninamnunua dukani."

Bi Nasriya alichekea puani, kisha akamsogezea sahani ya halwa. Tangu hapo kiti chake na cha Fulgence vilikaa jirani.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Fulgence alicheza na Loai, mwigizaji maarufu wa vichekesho ambaye mama yake ni wa Unguja, na ambaye katika tamthilia ndiye aliyekuwa baba wa nyumba. Walisikilizana. Kisha, mchana mmoja walipokuwa wanakula, Ghanim akaeleza jinsi atakavyopiga picha ya komamanga.

"Sitaki kukata," alisema. "Kamera inasimama pale mlangoni. Tunamwona Ful anavuta, mshale unakwenda, komamanga linapasuka, watu wanaruka. Picha moja. Siku hizi watazamaji wana simu, wanaisimamisha picha wanatafuta uongo. Safari hii wakitafuta wasiupate."

Wote walisema ni wazo zuri. Fulgence alisema pia, tena kwa sauti kuliko wengine, halafu akaurudisha mkate wake sahanini.

Angeweza kumwambia pale pale. Aliwaza hivyo alasiri yote. Lakini kazi zake zote, tangu ile ya nyoka, zilisimama juu ya upinde. Akiuondoa hakujua kitakachobaki, na hakutaka kukijulia Maskati, mbali na kwao, mbele ya Loai ambaye alikuwa amemsifia sana asubuhi ile. Akaamua kwamba jambo ambalo watoto wa miaka mitano wa Yaeda wanalifanya, mtu mzima aliyesoma atalijifunza kwa siku chache.

Wenzake walipokwenda kupumzika, alichukua upinde wa tamthilia akaenda nyuma ya nyumba, kwenye ua wa kuanikia nguo. Alivuta kwa nguvu zake zote. Ugwe ukamchapa mkono kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye saa, na mshale ukaanguka karibu na kiatu chake, umelala vizuri kama aliyeuweka kwa mkono. Akajaribu tena. Mshale wa pili ukaenda nyuma, jambo ambalo hakuelewa limewezekanaje.

"Nani kakufunza kushika hivyo?"

Alikuwa Noof, mjukuu wa Bi Nasriya, amesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe cha chai. Alisoma chuo kikuu, hapo karibu.

"Televisheni," alisema Fulgence.

Noof hakucheka kwa sauti, ila alilazimika kukiweka kikombe chini. Kisha akaja, akautwaa upinde, akaukagua, akasema umefungwa juu chini. Ilikuwa hivyo kweli. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye timu ya chuo ya kupiga shabaha kwa upinde, na alikuwa na upinde wake wa kisasa chumbani, kwenye sanduku kama la gitaa.

"Ghanim anajua?"

"Hajui."

"Bibi?"

"Nadhani bibi anajua tangu siku ya kuku."

Noof alifikiri kidogo. "Baba ana bohari la vigae kwenye mtaa wa Ghala. Nyuma kuna nafasi, na makatoni kwa wingi. Kesho alasiri twende. Lakini huo mkono uufunge, utaumia."

Kwa hiyo ikawa kwamba Mhadzabe mashuhuri kuliko wote kwenye televisheni alijifunza upinde kwa binti wa Kiomani, nyuma ya bohari la vigae, katikati ya gereji za Ghala, huku mafundi wa jirani wakiacha kupiga nyundo ili watazame. Noof alikuwa mwalimu mkali. Alimpanga miguu, akamshusha mabega, akamkataza kukunja uso.

"Lakini uso ndio kazi yangu," alisema Fulgence.

"Mshale hauoni uso wako. Legeza taya. Vuta mpaka mkono uguse shavu. Sasa usiutupe mshale, uachie tu. Khalas, uache uende."

Siku ya kwanza alipiga mlango wa bohari. Siku zilizofuata alipiga sakafu, akapiga gurudumu la kigari cha mizigo, na mara moja akapiga katoni ambalo hakuwa amelilenga, wakakubaliana kulihesabu. Mwishoni mwa wiki aliweza kupiga katoni la jokofu kwa uhakika wa kutosha.

"Vipi, nitaweza?" aliuliza.

Noof alilizungukia katoni lile kubwa, akalitazama. "Komamanga likiwa kama friji, umeshinda."

Jioni hiyo alimpigia mama yake Mbulu. Alitegemea faraja. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha Fulgence akasikia simu ikiwekwa mezani na mama akimwita jirani aje asikie.

Siku ya komamanga ilifika. Ukuta wa mbele ulifagiliwa, komamanga kubwa jekundu likawekwa juu yake, na Bi Nasriya akahamisha kiti chake nyuma ya nguzo, bila kueleza kwa nini. Familia ya tamthilia ilijipanga. Loai akasema maneno yake kuhusu rafiki yake wa bara ambaye hakosi shabaha. Fulgence akajitokeza, akapanga miguu, akashusha mabega, akalegeza taya, akavuta, akauachia.

Mshale ulipanda vizuri. Ulipita juu ya komamanga, juu ya ukuta, ukatoweka nyumba ya pili.

"Si neno," alisema Ghanim. "Tena."

Wa pili uligonga ukuta. Wa tatu ulipasua kikapu cha nguo kilichosahauliwa barazani, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Ghanim alikuwa anafungua mdomo pale geti lilipogongwa, akaingia dada mmoja mwenye aproni, ameshika mshale wa kwanza kwa vidole viwili.

"Samahanini," alisema. "Mimi Winifrida, nafanya kazi hapo jirani. Madamu anauliza kama huu ni wenu. Umechoma godoro tulilolianika."

Ghanim alianza kuomba radhi, lakini Winifrida hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa amemwona Fulgence.

"Jamani, si ndiye yule anayeumwaga na nyoka? Kaka, kwetu Moshi tunakutazama nyumba nzima." Akautazama upinde mkononi mwake, akautazama mshale, akaangalia kule ulikotoka, na uso wake ukabadilika taratibu. "Mbona kwenye filamu hukosi?"

Loai akatazama viatu vyake. Noof, aliyekuwa kwenye ngazi, akatazama juu kama anayehesabu mawingu, na hapakuwa na wingu.

"Ful," alisema Ghanim. "Unajua upinde au hujui?"

"Nina wiki moja," alisema Fulgence.

"Nilikuuliza kwenye simu."

"Uliniuliza. Nikakujibu kabila langu, ukaridhika."

Ghanim akakaa kwenye sanduku la taa, akashika kichwa. Fulgence alibaki amesimama pale pale, na jambo lililomshangaza ni kwamba hakuona aibu kama alivyotarajia. Aliona uchovu, kama mtu aliyebeba meza kubwa peke yake ghorofa nyingi na sasa ameiweka chini. Akasema aliyokuwa hajawahi kumwambia mwongozaji yeyote: kwamba alikulia mjini, kwamba babu yake na binamu zake wanaupiga upinde vizuri na wanajivunia, naye anajivunia wao, lakini haukuingia kwenye damu yake kwa njia ya kuzaliwa. Kazi aliyoisomea ni kuigiza. Kama wakimpa nafasi aigize, ataigiza.

"Watazamaji wanataka mwindaji," alisema Ghanim kwa unyonge. "Nimeshaandika mwindaji."

Hapo Bi Nasriya akatoka nyuma ya nguzo.

"Skiliza, Ghanim. Nilipoanza kazi wizarani, mimi nnachora barabara, unajua kila mtu aliniomba nini? Pilau. Huyu Mzanzibari, huyu atatupikia pilau. Sherehe ya idara, pilau. Mkubwa kapandishwa cheo, pilau. Na mimi pilau sijui mpaka leo. Marehemu babu yake Noof ndiye aliyekuwa akipika, mimi nnabeba sufuria nnaingia nalo kwa mlango wa mbele, wananisifu."

"Shangazi, wewe hujui pilau?" Ghanim aliinua kichwa. "Na ile ya Idi?"

"Ya Idi inatoka mkahawani, Ghala. Sasa usinitoe kwenye maneno yangu. Huyu kijana nimemtazama wiki mbili, akisema chochote mimi nnacheka. Wewe una mtu wa kuchekesha mkononi, unamtaka arushe mishale kwa majirani. Kwani huyo mgeni wako wa tamthilia lazima ajue?"

Kisha Loai, polepole, akaanza kutabasamu.

"Asijue," alisema. "Mimi nimemsifia kwa watu wote, na yeye hajui, na hawezi kuniaibisha kusema hajui."

Ghanim alimtazama Loai, akamtazama Fulgence, akatazama komamanga. "Na nani atapiga?"

Wote wakageuka kwenye ngazi.

"Mimi nna mtihani kesho," alisema Noof.

"Utakuwa binti wa jirani," alisema Ghanim, aliyekuwa ameshasimama. "Hutosema neno. Kalete upinde wako."

Picha ilipigwa alasiri hiyo hiyo, bila kukata, kama Ghanim alivyotaka, na bila maneno yaliyoandikwa. Winifrida alipiga simu kwa madamu wake akasema mazungumzo ya mshale yanaendelea, akapewa kiti.

Fulgence alijitokeza kama mtu mwenye sifa zake. Akaupima upinde. Akaupuliza mshale. Akavuta robo, akashusha.

"Upepo," alisema.

"Hapana upepo," alisema Loai.

"Hilo ndilo tatizo. Sisi tumezoea upepo." Akavuta tena, akashusha tena, akageuka kwa upole. "Samahani, rafiki yangu. Kibla ni upande gani?"

"Huo huo."

"Basi umeona mwenyewe. Mgeni nirushe silaha kuelekea kibla, kwenye nyumba ya watu?"

Loai akalichukua komamanga kwa heshima, akalihamishia ukuta wa pili. Fulgence akafuata, akapanga miguu kwa utaratibu wote aliofundishwa Ghala, akafunga jicho moja, akafungua, akafunga la pili, akasema jua linamchoma macho. Loai akasema jua liko nyuma yako. Fulgence akasema ndiyo, linamchoma kisogo mpaka linatokea mbele. Akauliza kama komamanga limeiva. Akauliza kama lina mwenyewe. Akaomba maji. Akanywa glasi nzima bila haraka huku familia yote imekodoa macho kwake, na mpiga picha akaanza kutetemeka mabega, akang'ata ukosi wa shati asicheke.

Ndipo Noof akapita mbele ya kamera na abaya yake, akasimama, akavuta, akaachia. Komamanga likapasuka, punje zikaenea ukutani.

Fulgence alilitazama komamanga kwa muda mrefu. Kisha akainyoosha kofia yake, akawageukia wenye nyumba.

"Mmeona," alisema, "nilivyomfundisha."

Aliyeanza kucheka ni Winifrida, na kwa kuwa alianza yeye hakuna aliyeweza kujizuia. Ghanim hakusema kata. Alisahau.

Tamthilia ilionyeshwa Ramadhani, kila siku baada ya futari. Mgeni wa bara, ambaye awali aliandikiwa sehemu mbili aondoke zake, alikaa nyumba ile mpaka mwisho wa mwezi kwa sababu Ghanim alikuwa ameongeza sehemu nyingine za kuandikia visingizio vyake. Watu wa Maskati walianza kusema "hapana upepo" kila walipotaka kukwepa jambo. Mbulu, mama yake aliitazama kwenye simu ya jirani, akasema amekonda. Yaeda binamu zake walisema ni kazi ya kwanza ya Fulgence ambayo haina uongo, wakamtumia ujumbe wa sauti mrefu wa kucheka, na mwishoni babu alisikika akiuliza yule msichana ni wa ukoo gani, maana anashika vizuri.

Noof alifaulu mtihani wake, ingawa si kwa alama alizozitaka, na aliwakumbusha wote jambo hilo.

Miezi michache baadaye Ghanim alimwita Fulgence tena. Safari hii hapakuwa na mgeni wala bara. Kulikuwa na mwenye nyumba wa Ansab, mtu mgumu, mwenye suti na funguo nyingi, anayegombana na wapangaji wake tangu sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho. Fulgence alipopewa karatasi zake alishtuka kwa unene wake. Maisha yake yote alikuwa ametazama upeo wa macho. Sasa alikuwa na maneno, tena kurasa kwa kurasa, na kichwa chake hakikuzoea. Alimaliza juma zima anatembea chumbani akijifukuza mwenyewe kwa kodi.

Mwishowe akaenda Al Khoudh kuomba msaada. Bi Nasriya akampa kahawa, akavaa miwani, akachukua upande wa wapangaji wote, wanaume kwa wanawake, na kila mmoja akampa ukali ambao Ghanim hakuwa ameuandika. Walikaa meza ya jikoni alasiri nzima. Walipofika pale mwenye nyumba anapomfukuza mjane na watoto wake, Fulgence alisimama, akapandisha sauti, akagonga meza mpaka vikombe vikaruka.

Bi Nasriya alimwacha amalize. Akafuta kahawa iliyomwagika, akarudi ukurasa mmoja nyuma.

"Anza tena hapa," alisema. "Sikutishika."